Kazi Inayoingia Ndani ya Begi

Jumatano, siku ya pili baada ya Idi ya kuchinja, mwaka ule modemu za kuchomeka kwenye kompyuta zilipofika madukani Kilwa Masoko, nilifiwa na mume wangu. Alirudi mchana kutoka Somanga, alikokwenda kutengeneza simu za watu, akasema kifua kinambana. Nikampa maji. Alasiri tulikuwa hospitali, na kabla ya magharibi nilikuwa mjane.

Siku hiyo begi letu la safari lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa chumba, zipu imefungwa. Waliokuja msibani waliliona wakadhani ni la mgeni aliyetoka mbali kuja kuzika.

Siandiki haya ili nilie tena. Nililia vya kutosha, na nyumba yetu ina kuta nyembamba, waliotaka kusikia walisikia. Naandika kwa sababu miezi ile ya eda, ambayo watu wakiikumbuka hunihurumia, ndiyo miezi niliyojiandaa kwenda kuishi nje ya nchi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo nilikuwa na furaha. Huzuni ilikuwepo na furaha ilikuwepo, na hakuna iliyoipisha nyingine.

Shule niliishia kidato cha pili. Nilikuwa mpishi wa gesti moja pale Masoko, wanapofikia wageni wanaokwenda kutazama magofu ya Kisiwani. Mgeni mmoja, mwanamke, alikaa muda mrefu, akawa anakuja jikoni kuzungumza na mimi ili ajifunze Kiswahili. Alipoondoka akaniuliza kama tunaweza kuendelea kwa intaneti. Sikujua kitu hicho kinafanywa vipi. Mume wangu, fundi simu, akasema, "Mwambie ndiyo. Mengine niachie mimi." Akatafuta kompyuta ya mtumba, akaifungua, akaisafisha, akaniwekea mezani. Yule mgeni akawaambia wenzake, nao wakawaambia wenzao, mpaka nikaacha kupika gesti. Kazi yangu ikawa kukaa sebuleni, hedifoni masikioni, nazungumza na watu wa mbali. Umeamkaje. Umekula nini. Hicho kilicho nyuma yako ni nini. Walinilipa kwa kuzungumza. Majirani hawakuamini, na wapo ambao mpaka leo hawaamini.

Katika wanafunzi hao alikuwemo mwanaume mmoja mchora ramani za nyumba. Kila baada ya muda ukuta uliokuwa nyuma yake ulibadilika. Mara wa matofali, mara wa mbao, mara hakuna ukuta ila dirisha lenye mvua. Nilidhani ana nyumba nyingi. Siku nilipomuuliza akasema hana hata moja. Anachora za watu, analala za kupanga, na akiichoka nchi anahamia nyingine. Anayemlipa hajui yuko wapi wala hajali, mradi ramani zifike.

Jioni ile mume wangu aliacha kula, akabaki ameshika tonge.

"Yule jamaa ukuta wake unabadilika, kazi haibadiliki," akasema. "Sasa sisi kinatuzuia nini?"

"Sisi watu wa Kilwa."

"Kazi yako iko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Na kompyuta inaingia wapi?"

"Kwenye begi," akajijibu mwenyewe, akala tonge lake.

Tulichagua Malaysia. Pasipoti yetu inaingia kule bila kuomba viza kwanza, misikiti ipo, wali wanapika kwa nazi, na mchora ramani aliyewahi kukaa kule alituambia kwamba umeme hauna tabia ya kukatika. Tungekaa miezi mitatu, tuone. Mimi ningefundisha, yeye angekuwa fundi wangu. Nikaanza kujifunza maneno ya kule. Niligundua kwamba kwao dunia ni dunia, Alhamisi ni Khamis, na sabuni wanaiita sabun. Nilicheka peke yangu jikoni kwa kuwaza watu walio mbali vile nao wanaoga kwa neno letu. Na mimi nilizaliwa wakati sabuni yenyewe inapangiwa foleni. Nimebebwa mgongoni kwenye foleni hiyo. Halafu soko likafunguliwa, mitumba ikaja, simu zikaja, kampuni moja baada ya nyingine ikapaka ukuta wa jirani rangi yake, na sasa mtoto yule wa mgongoni alikuwa ananunua begi lenye magurudumu.

Begi hilo tulilipima. Ndege ina kikomo cha mzigo, na mizani ya karibu ilikuwa ile ya kupimia magunia ya korosho. Tukaliweka. Mshale ukatikisika kidogo tu, ukarudi mahali pake. Tukafurahi sana kwamba begi letu ni jepesi, tukaenda kuongeza vitu. Mizani ile ilikuwa imezoea magunia. Begi letu haikulihesabu kama mzigo.

Jambo moja lilibaki. Mama mkwe alikuwa hajui. Alikuwa akiishi Mitole, kwenye mikorosho yake na mihogo yake, na habari kama ile haisemwi kwa simu. Tulipanga twende Mitole Jumamosi ya baada ya Idi, tukae naye, tule, ndipo tuseme. Jumamosi ilipofika mwanawe alikuwa kaburini.

Mama mkwe alikuja Masoko kumzika mtoto wake na hakurudi shamba. "Nitakaa nawe mpaka utoke eda," akasema, akatandika mkeka wake upande wa dirisha.

Mjane kwetu hukaa ndani. Huvaa nguo zisizo na mapambo, hajitii manukato, hatoki bila shida ya lazima, na watu husema sauti yake isisikiwe na mwanaume asiye maharimu wake. Hapo ndipo nilipokwama. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanaume. Nikinyamaza miezi yote minne, wangetafuta mtu mwingine, na wakiondoka, hakuna kazi ya kutia ndani ya begi. Safari ingezikwa pamoja na aliyeibuni. Na mimi nilitaka kwenda. Hata siku zile za kwanza nilitaka. Niliona aibu, lakini sikuweza kujidanganya.

Niliwaandikia wanafunzi wote kwamba nimefiwa na kwamba nitapumzika kidogo. Hitima ilipopita nikaanza na wanawake. Siku ya kwanza, mama mkwe na wifi yangu walikuwa sebuleni wanachambua mchele na kuzungumza. Mwanafunzi akashindwa kunisikia. Bila kugeuka nikainua mkono, kiganja kikiwaelekea wao, kama nilivyozoea kumfanyia mume wangu akipiga nyundo.

Somo lilipokwisha mama mkwe alikuwa bado ananitazama.

"Kwenu mnawanyamazisha wakwe kwa mkono?"

"Nisamehe, Mama. Ndiyo kazi."

"Kazi," akasema. Akaendelea kuchambua mchele. "Na hao wanaume wa kazi, wanasubiri nini?"

"Wanasubiri nitoke eda."

"Watasubiri?"

"Wengine hawatasubiri."

Shemeji yangu alikwenda kumuuliza shehe. Akarudi na jibu kwamba mazungumzo ya lazima, ya kutafuta riziki, hayana kizuizi, mradi adabu iwepo. Nikashusha pumzi. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru.

"Shehe kasema kweli," akasema. "Lakini shehe hakai mtaa huu. Mimi ndiye ninayekaa na midomo ya watu." Akafikiri. "Hao wanaume wanataka wafundishwe nini?"

"Kuzungumza tu, Mama."

"Kuzungumza nini?"

"Chochote. Shamba. Chakula. Watoto."

"Kwani mimi sijui kuzungumza?"

Basi tukapanga hivi. Yeye akakaa mbele ya kompyuta, mimi nikakaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, na mkononi nina ufito mrefu. Nikimgusa bega mara moja, apunguze mwendo. Nikimgusa mara mbili, amwachie mwanafunzi naye aseme. Wa kwanza alikuwa mchora ramani.

"Hujambo, Mama?" akasema.

Mama mkwe hakujibu. Yule akarudia, akidhani mtandao umekatika. Mama akageukia pazia.

"Huyu mtu mzima?"

"Mtu mzima, Mama. Rika la marehemu."

Akaigeukia kompyuta. "Mama yako ukimkuta asubuhi unamwambia hujambo?"

Sauti ikatoka taratibu, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Baba hajambo? Mama je? Huko mvua imenyesha? Mmelima?"

Hapakuwa na shamba wala mvua, lakini kila kitu kilitaka jibu lake. Mama yake alikuwa hai au amefariki, na kama yu hai kwa nini amemwacha peke yake. Kwa nini mtu mwenye ndevu hana nyumba na kazi yake ni kuchora nyumba. Nikamgusa bega, nikamgusa tena, akausukuma ufito kama anayefukuza nzi. Muda wa somo ukaisha wako kwenye salamu. Nilikuwa natoka jasho nyuma ya pazia. Mtu amelipia somo, ameulizwa habari za ng'ombe asio nao.

Kesho yake aliniandikia ujumbe. Aliomba, kama inawezekana, somo lijalo liwe na Mama tena.

Wakaomba wote. Mama mkwe akawa na wanafunzi wake na saa zake, akawa hataki kusumbuliwa. Alikuwa anakula ming'oko, vile viazi vya porini, mbele ya kamera, anauinua mmoja, anawaonyesha namna ya kuumenya kwa vidole. Nilianza kusikia wanaume wa nchi za mbali wakizungumza kwa lafudhi ya Mitole. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa akija na vocha za intaneti anasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Tunawaambia watu wifi yetu yuko eda," akasema siku moja. "Kumbe mama ndiye anayepokea wanaume."

"Cheka," mama akamjibu. "Na bando limekwisha, hizo vocha zilete hapa."

Tulicheka wote watatu. Nilikuwa sijacheka tangu Idi. Jioni ile nilivuta lile begi kutoka nyuma ya mlango, nikalifuta vumbi, nikalirudisha. Nikaanza tena maneno yangu ya Malaysia. Kila somo lililopita nyuma ya pazia niliona safari inarudi hai, na nilijifunza kazi za mume wangu moja moja: kufungua modemu ikigoma, kuchomeka betri ya gari umeme ukikatika, kutafuta upande wa nyumba wenye mtandao mzuri. Nilipoweza peke yangu kuirudisha kompyuta iliyozima, nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilikuwa eda.

Hata hivyo kila siku nilisema kesho nitamwambia Mama habari ya Malaysia, na kila kesho nilikuta ameketi na tasbihi, nikaahirisha tena. Mchora ramani ndiye aliyesema. Hakuwa na nia mbaya. Alijua tumefiwa, akadhani mengine yote yanajulikana.

"Mama," akauliza, kwa Kiswahili safi alichofundishwa na Mama mwenyewe, "na safari ya Malaysia, bado ipo?"

"Safari ya nani, mwanangu?"

"Yao. Walikuwa wanakwenda kuishi."

Nikaulaza ufito sakafuni.

Mama mkwe hakumkatisha. Alimwuliza Malaysia iko upande gani, akamsahihisha neno moja, akamuaga vizuri kama siku zote. Kisha akatoka uani akaanza kumenya mihogo. Nikamfuata, nikachukua kisu kingine.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anaondoka," akasema.

"Ndiyo, Mama. Tulikuwa tuje Mitole Jumamosi kukuambia."

"Alifurahi?"

"Alifurahi sana."

Akamenya muhogo mzima kabla ya kusema tena. "Na wewe? Bado unataka?"

Ningeweza kusema sitaki. Ndilo jibu lililotakiwa na mahali pale, na nguo niliyovaa. Lakini mama yule alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kwa ajili yangu, amechekwa na mtaa kwa ajili yangu.

"Nataka, Mama."

Siku zilizofuata alifundisha kama kawaida, lakini nami hakuzungumza ila chumvi na maji. Maneno yangu ya Malaysia niliyaacha. Nilimwelewa. Alikuwa amepoteza mtoto, na sasa aliyebaki na harufu ya mtoto huyo naye anataka kupanda ndege. Nilijua kwamba akisema baki, nitabaki. Nisingeweza kumkaidi. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri aseme, na kila alipofungua mdomo nilidhani ndilo hilo linakuja.

Asubuhi moja aliingia chumbani akalivuta begi akalilaza chini.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Juu kulikuwa na mashati mawili ya mume wangu na suruali aliyoshonesha kwa ajili ya safari. Nguo nyingine zote za marehemu zilikuwa zimeshagawiwa kama ilivyo desturi. Hizi zilisahaulika kwa sababu zilikuwa zimeshafunga safari. Mama mkwe akazitoa moja moja, akazikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa. Suruali akaiweka kwa ajili ya shemeji. Shati moja kwa ajili ya muadhini wa msikiti wetu. La pili alilishika muda, akaliweka kwenye mkeka wake upande wa dirisha. Begi likabaki nusu.

"Limepwaya," akasema. "Tia zako."

Nikabaki nimepiga magoti, nisijue nishike nini.

"Zamani ukitaka kufika Dar tu, watu wanakuuliza unakwenda kufanya nini," akasema. "Siku hizi mtu anakaa popote. Sawa. Utakwenda. Lakini wale wanaume wangu huwachukui. Hao nimewalea mimi."

"Siwachukui, Mama."

"Na nitakapokupigia, upokee. Usiniinulie mkono."

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilibadilika. Wifi akaja na kila kitu alichofikiri hakipatikani ng'ambo: korosho, ukwaju, ndala, uzi mweusi, dawa ya mbu. Nilimwambia mbu wako na kule. "Hao hawakujui," akasema, akaitia. Simu ya marehemu, ile ya kugusa kioo, tulimpa Mama kwa ajili ya masomo yake. Herufi hakuzijua ila za Kurani, kwa hiyo nilimfundisha kwa rangi: kijani pokea, nyekundu kata. Nilikaa chumbani nampigia, yeye yuko sebuleni, tunazungumza kupitia mbinguni hali ukuta tu umetutenganisha, na wifi katikati anatikisa kichwa. Mchora ramani alinitafutia chumba kwa mwenyeji mmoja mama wa makamo, chenye meza na dirisha. Alinitumia picha ya ukuta wa chumba hicho. Ulikuwa rangi ya maziwa. Nikaitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Huo ndio ukuta wanafunzi wangu watakaouona nyuma yangu.

Eda ilipokwisha walikuja wanawake wa mtaa wakaniogesha, wakanisomea dua. Nguo za eda zikatolewa sadaka, wifi akanivika kanga mpya. Nilipotoka uani jua lilinipiga usoni nikafinya macho kama mtoto aliyeamshwa. Wiki hiyohiyo nikakata tiketi.

Begi lilipojaa, wifi alisema tukalipime kwa muuza nyama. Nikamwambia tulishalipima, ni jepesi mno. "Mlipima wapi?" Nikamwambia. Alikaa chini kwenye kizingiti akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kaka yangu," akasema. "Fundi mzima." Kwa muuza nyama ndoano iliinama, na ule uzi, na nusu ya korosho, na ndala zote mbili zikabaki Kilwa.

Siku ya kuondoka basi la Dar lilikuwa la asubuhi. Wifi alitangulia kwenye bodaboda na begi kubwa. Mimi nilibaki na dogo, lenye kompyuta. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, na furaha ilinifanya nishindwe kumaliza chai. Nilijua Mama ataniombea dua ndefu mlangoni, nikawa nimejiandaa kuipokea bila kulia.

Simu yake ikaita. Alikuwa mchora ramani. Aliko ilikuwa jioni, na ile ilikuwa saa yake. Mama akanitazama, akaitazama simu, akagusa kijani.

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje? Umekula?"

Nikasimama sebuleni, begi begani. Shati lile lilikuwa limekunjwa kwenye mkeka, tasbihi juu yake. Sauti ikasema amekula mkate.

"Mkate peke yake? Na nini?"

"Mama," nikasema, "mimi ndiyo..."

Bila kugeuka akainua mkono, kiganja kikinielekea.

"Sema tena, mwanangu," akamwambia yule. "Taratibu. Mkate na nini?"

Mkono ulibaki juu, haukushuka. Nikaushika, nikaubusu, nikatoka.